Nilifichwa msiba wa mama

Mama yangu alizikwa Tanga siku ya Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Saa hizo kwangu Ohio, Marekani, ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimejilaza na viatu miguuni. Sikuambiwa. Sikuambiwa siku ya tatu wala siku ya hitima. Katika muda huo nilipiga simu nyumbani mara nne, na kila mara nikapewa jibu: mama amelala, mama kaenda Pangani kwa shangazi, mama koo limemkauka hawezi kusema. Nikatuma na hela ya dawa. Ikapokewa.

Nilijua siku ya arobaini. Mtoto wa binamu yangu, bado wa shule, aliweka picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: turubai la bluu uani kwetu, sufuria za pilau juu ya mafiga, wanawake wamekaa mkekani. Chini yake aliandika, Mungu amrehemu bibi yetu. Picha ilifutwa baada ya dakika chache, lakini mimi nilikwisha kuiona, na nilikwisha kuutambua mkeka.

Nitaeleza kwa nini walinificha, maana si watu wabaya. Makaratasi yangu yalikuwa bado hayajatoka. Ningetoka Marekani nisingeweza kurudi, na wao walikuwa wanajua kwamba watoto watatu wa dada yangu wanasoma kwa jasho langu. Wakasema, tukimwambia atafanya nini? Atalia peke yake kwenye nchi ya watu, pengine atajidhuru, pengine atapanda ndege na kuharibu kila kitu. Mzee mmoja wa ukoo akakata shauri, na wengine wakanyamaza. Yeyote aliyekulia kwetu ameuona uamuzi huu. Husemwa kwamba ni huruma.

Kwangu haikuwa huruma. Wenzangu walikuwa wamekwisha kulia, wamekula pilau ya msiba na kutandua matanga, na mimi ndiyo kwanza naanza. Sikuwa na wa kunipa mkono wa pole. Niliyempenda kuliko wote, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa akishika simu na kunidanganya. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha nikakata simu. Hatukusemezana mwaka mzima na miezi minne.

Na kwa kuwa huu ni ushuhuda, lazima niseme na langu. Mimi pia nilikuwa nawaficha. Miaka miwili ya kwanza nililala chumba cha chini ya ardhi kwenye nyumba ya mtu, kisicho na dirisha, na majira ya baridi maji yalikuwa yakiingia. Nilipoteza kazi mara mbili. Picha niliyowatumia, ile mama aliyoiweka kwenye fremu sebuleni, nimevaa koti la rafiki yangu na nimesimama mbele ya gari nisilolijua. Mama amekufa akiamini lile koti ni langu.

Kazi niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Nilipelekwa kwa bibi mmoja wa miaka tisini na moja, mzaliwa wa hapo hapo Ohio, akili yake timamu ila macho yamekwisha. Niliposhindwa kumwita kwa jina lake kavu, maana ni mkubwa kuliko bibi yangu, nilimwomba nimwite bibi kwa Kiswahili, akakubali. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Usiku wa kwanza wa theluji aliniambia nilitoe. Ndani mlikuwa na barua za ukoo wake, kuanzia miaka ya 1840. Alikuwa akizisoma mwenyewe kila mwaka mpaka macho yalipomkatalia, na sasa alitaka masikio yake yafanye kazi hiyo.

Karatasi ya kwanza niliyoifungua sikuweza kuisoma. Mwandiko ulikuwa umejaa ukurasa wote, kisha mwandishi akaugeuza ukurasa upande na kuandika tena juu ya mistari ile ile, wino ukapita juu ya wino kama ukili wa mkeka. Bibi akanifundisha: fuata mistari inayolala kwanza, inayosimama usiione. Akanieleza na sababu. Zamani zile nauli ya barua ilihesabiwa kwa karatasi na kwa umbali. Kabla ya mwaka 1845, karatasi moja ikienda zaidi ya maili 400 ilitozwa senti 25, karatasi mbili mara mbili yake, na kwa kawaida mlipaji alikuwa yule anayepokea. Kwa hiyo mtu aliyekupenda aliubana mwandiko ili asikufilisi. Bahasha hazikutumika sana, kwa kuwa nazo zilihesabiwa karatasi. Waliikunja barua yenyewe, wakaibandika kwa lakiri, na anwani wakaiandika mgongoni. Mwaka 1845 nauli ilishuka ikawa senti tano kwa umbali usiofika maili 300, kumi kwa zaidi ya hapo. Mwaka 1851 ikawa senti tatu kwa aliyelipa kabla, na toka hapo ndani ya lile sanduku barua zinaongezeka ghafla, kama mvua za masika.

Barua nyingi zilikuwa baina ya dada wawili. Mmoja alibaki Ohio na wazazi, mwingine alifuatana na mumewe kwenda Illinois kufungua shamba. Nilishangaa zinavyoanza. Nachukua kalamu kukujulisha kwamba sisi ni wazima, na natumaini mistari hii michache itakukuta nawe katika afya njema: karibu kila barua ilianza hivyo, na bibi akasema enzi hizo nusu ya Marekani iliandika hivyo hivyo. Nikacheka, kisha machozi yakanilenga, kwa sababu ni sisi hao. Mama alikuwa akinituma posta na barua zinazoanza, ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali.

Tofauti niliiona mstari wa tatu. Dada wa Illinois akishasema ni wazima, anaanza kutaja mmoja mmoja asiye mzima. Mume ana homa ya kutetemeka, leo baridi kesho joto, na dawa ni kwinini. (Ni malaria hasa. Sikujua kwamba mashamba ya katikati ya Marekani yalikuwa na malaria kama Pangani.) Ng'ombe amekufa. Ngano haikupata bei. Mtoto wa mwisho haongezeki. Wana deni kwa mwenye duka na anaona haya kupita mbele yake. Hakuna lililopakwa rangi. Aliandika kwa mtu ambaye hakuweza kumsaidia kwa lolote, ambaye majibu yake yangechukua wiki, na akamwambia yote.

Halafu tukafika kwenye bahasha yenye ukingo mweusi. Bibi aliijua kwa kuipapasa, ingawa sidhani weusi una mguso. Ilikuwa desturi yao: mwenye msiba aliandika kwenye karatasi iliyozungushiwa mstari mweusi, na bahasha yake vivyo hivyo, ili anayeipokea ajue kabla hajafungua, akae kitako kwanza. Ile barua dada wa Ohio alikuwa anampasha mwenzake kwamba mama yao amefariki. Kurasa nne. Ameeleza siku mama alipoacha kula, na kwamba chakula cha mwisho alichokiomba ni supu ya kuku, akanywa vijiko vitatu. Nani alikesha usiku upi. Mama alisema nini, na alipouliza habari za binti wa Illinois alijibiwa nini. Nani alimwosha, alivikwa gauni gani, kaburi liko upande gani wa mti. Katikati ya mkunjo mlikuwa na shungi dogo la nywele za mvi lililofungwa kwa uzi wa bluu. Nililishika kwenye kiganja changu. Mwanamke aliyekufa zaidi ya miaka mia na hamsini nyuma, na nywele zake bado ni laini.

Hapo sauti iliniisha. Bibi alingoja, kisha akaniuliza, umemzika nani? Nikamweleza yote, tangu turubai la bluu. Sikuwahi kumweleza mtu. Hakusema neno la kunituliza. Alisema, mwandikie kaka yako, mwambie akuandikie kurasa nne.

Sikumwandikia. Hasira ilikuwa bado inanipa nguvu ya kuamka asubuhi, niliogopa kuiachia. Nilichofanya ni kwenda maktaba ya mtaa siku zangu za mapumziko na kutafuta barua nyingine za karne ile, kama mgonjwa anayetafuta wagonjwa wenziwe.

Nilimkuta Abraham Lincoln akiwa bado wakili wa Springfield, Illinois, baba yake anaumwa wilaya nyingine ya jimbo hilo hilo. Ndugu yake wa kambo alimwandikia barua mbili, hakuzijibu. Tarehe 12 Januari 1851 ndipo alipojibu, akakiri kwamba alinyamaza kwa kuona hana la kuandika litakalofaa kitu. Mkewe alikuwa na uzazi mchanga. Akaongeza kwamba yeye na baba yake wakikutana sasa, pengine uchungu ungezidi furaha. Mzee alifariki siku tano baadaye, na Lincoln hakwenda maziko. Nimeisoma barua ile mara nyingi na sitaki kumhukumu. Ila nilijiona mle ndani, mimi ninayeiacha simu ya kaka iite mpaka inyamaze.

Nilimkuta Walt Whitman, yule mshairi. Desemba 1862 aliona gazetini jina la mdogo wake katika orodha ya majeruhi wa mapigano ya Fredericksburg, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akafunga safari kumtafuta, akamkuta na jeraha dogo tu la shavu. Lakini aliyoyaona njiani hayakumwachia arudi. Alihamia Washington, akawa anakwenda hospitali za kijeshi kila siku kukaa na vijana na kuwaandikia barua za nyumbani. Wakati ule jeshi halikuwa na utaratibu wa kumjulisha mzazi kwamba mwanawe amekufa. Alijua kwa gazeti, au kwa barua ya rafiki, ya muuguzi, ya kasisi. Vita vilipokuwa vinakwisha mwaka 1865, Clara Barton, mwanamke aliyekuwa akihudumia majeruhi, alifungua ofisi hapo Washington ya kutafuta askari waliopotea; zilimfikia barua zaidi ya 63,000 za ndugu wanaouliza, akafaulu kutoa habari za askari zaidi ya 22,000.

Kuna barua ya Whitman ya Agosti 1863 kwa wazazi wa kijana anayeitwa Erastus Haskell, mpiga filimbi wa jeshi, aliyekufa kwa homa ya matumbo. Whitman hakuwajua wale wazee. Angeweza kuandika mistari miwili ya pole. Badala yake aliwaeleza jinsi mtoto wao alivyokuwa kimya, hasumbui mtu, jinsi alivyopumua kwa shida, na kwamba filimbi yake ilikuwa mezani kando ya kitanda, naye alisema akipona atampigia wimbo, ingawa bado hajawa hodari. Nilipofika kwenye ile filimbi niliifunga kompyuta nikatoka nje. Mtu baki amewapa wazazi filimbi ya mtoto wao, na mimi sijui mama yangu alilazwa kitanda cha upande gani.

Barua zilizonibadilisha, hata hivyo, ni za watu walioandika huku wanauzwa. Tarehe 8 Oktoba 1852 mama mmoja mtumwa, Maria Perkins, alimwandikia mumewe kutoka Charlottesville, Virginia. Mtoto wao Albert ameuzwa Jumatatu, siku ya mahakama, kwa mfanyabiashara wa watumwa. Yeye na mtoto mwingine nao wanauzwa. Anamsihi mumewe amwombe bwana wake amnunue, au daktari mmoja anayemtaja, kabla mfanyabiashara hajamfikia. Na katikati ya hayo anamkumbusha vyombo vyake viko wapi, vingine viko Staunton. Mwingine, Harriet Newby, mwaka 1859 alimwandikia mumewe Dangerfield, mtu huru aliyekuwa anahangaika kutafuta fedha za kumkomboa: mtoto ameanza kutambaa, na njoo majira haya ya vuli, uwe na fedha usiwe nazo, kwani bwana ana shida ya fedha na huenda akaniuza. Dangerfield alijiunga na John Brown, mpinga utumwa aliyeshika silaha, akauawa katika uvamizi wao wa Harpers Ferry tarehe 17 Oktoba mwaka ule. Barua za mkewe zilikutwa miongoni mwa vitu vyake.

Hebu fikiri. Harriet alikuwa na kila sababu ya kuficha. Angeweza kusema, nikimwambia atafanya nini, atajidhuru. Alimwambia. Hakumnyima mumewe haki ya kujua mzigo ulio juu ya mkewe, wala kutambaa kwa mwanawe.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, waliouzwa mbali walianza kutafutana. Gazeti moja la Kimethodisti la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa tangu 1879 na safu ya ndugu waliopotea. Tangazo lilikuwa senti 50 kwa asiye mteja wa gazeti, na wachungaji waliombwa wayasome mimbarani. Watu walitaja jina la mama, jina la bwana, nani aliuzwa kwa nani, mtoto alikuwa na umri gani walipoachana. Wengine wanatafuta mtu ambaye hawajamwona kwa miaka thelathini. Nilikua na redio ya baba inayotangaza vifo baada ya taarifa ya habari, habari ziwafikie fulani wa Muheza na fulani wa Korogwe, na baba anatunyamazisha ili asikie kama jina letu limetajwa. Nikawaza: watu hawa walilipa senti 50 wapate kujua tu kama mama yu hai. Mimi ninaye kaka anayejua kila kitu, na nimemfungia simu.

Usiku ule nilimwandikia. Sikutumia simu, niliogopa sauti yangu. Kurasa tatu kwa mkono. Nilianza, ama baada ya salamu, na nikaacha ile ya kusema sijambo. Nilimweleza chumba kisicho na dirisha. Nilimweleza koti. Kisha nikamwomba aniandikie mama alikufaje, asiruke kitu. Nikaipeleka posta, kwa anwani ya sanduku lile lile la posta la baba.

Majibu yalifika baada ya wiki saba. Kurasa tisa za daftari. Kaka yangu si mtu wa kuandika, fundi seremala, herufi zake zinalala kama mbao. Aliandika kwamba mwanzo ni mama mwenyewe aliyekataza nisiambiwe, akisema ataacha kazi huyu. Lakini wiki ya mwisho aligeuza shauri, akaomba apigiwe simu anisikie. Ukoo ulikuwa umekwisha kuamua. Walimwambia simu yangu haishiki. Kaka ameandika: hilo ndilo nililokuwa nashindwa kukuambia, si kifo. Alieleza kwamba mama aliomba dafu, wakalipata, akanywa kidogo akasema si la kwetu. Aliyemwosha ni shangazi wa Pangani. Mvua ilinyesha wakati wa kumteremsha, wakafunika kaburi kwa mkeka, ule mkeka niliouona kwenye picha. Na ile hela yangu ya dawa ilinunua mchele wa arobaini. Kwa hiyo, aliandika, na wewe ulikuwepo, ila hatukukuambia.

Nilimsomea bibi barua yote, naitafsiri mstari kwa mstari. Ilichukua usiku mzima. Alinirudisha kwenye dafu mara mbili.

Siwezi kusema uchungu uliisha. Lile la simu isiyoshika bado linaniamsha usiku. Lakini toka siku ile nilianza kulia kwa kitu ninachokijua, na niliweza kula, na niliweza kufika kazini. Makaratasi yalitoka mwaka uliofuata. Bibi hakuwahi kujua. Alifariki miezi mitatu kabla, na mtoto wake alinipigia simu saa kumi alfajiri kuniambia, akaeleza alikunywa nini na alisema nini. Nilikwenda Tanga, kaka akanipokea stendi, tukapita moja kwa moja makaburini kabla ya kufika nyumbani.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu wenu aliye mbali ambaye mmekubaliana asiambiwe jambo, mwambie leo, na umweleze lote, hata lile dogo.

Kaka yangu sasa ana kisukari. Aliniambia mwenyewe, siku ile ile aliyopimwa, akiwa bado kwenye benchi la zahanati.